Kufungamanisha spini kwenye almasi: kuna faida ya kweli au tunajichosha bure?

#1 Kipimo_Halisi

Wakuu, habari zenu. Niende moja kwa moja kwenye hoja.

Kila nikisoma habari za vihisi vya kwantamu vya almasi siku hizi nakutana na mfungamano, yaani spini (visumaku vidogo vya ndani ya atomu) zilizounganishwa kikwantamu zikawa na hali moja ya pamoja. Mara spini mbili zimefungamanishwa, mara kundi zima limebanwa, na kila habari inaishia kwenye ahadi kwamba usahihi utapaa. Mimi naona hesabu haikai. Spini zisizojuana zinapunguza kelele kwa kipeuo cha pili cha idadi yake: zikiwa 100, usahihi unapanda mara 10. Zikifungamana kikamilifu, unapanda mara 100. Sawa, kwenye karatasi inapendeza. Lakini kipande cha almasi cha milimita moja kila upande kinabeba mabilioni kwa mabilioni ya spini hizo. Kwa nini mtu atoke jasho kufungamanisha mbili, wakati anaweza kuongeza bilioni nyingine zisizojuana na mambo yakaenda?

Dai langu: kwa kazi ya kupima sumaku, mfungamano ndani ya almasi ni mbwembwe za maabara. Nipingeni kwa hesabu, ushabiki wekeni pembeni.

#2 Mpitanjia77

Nimevuta kiti. Ila kwa sisi tunaokaa viti vya nyuma darasani, hizo spini zinakaa wapi kwenye almasi? Nasikia "kasoro", ni ufa kwenye jiwe au?

#3 BintiLeza

@Mpitanjia77 si ufa. Almasi ni kaboni iliyojipanga kwa utaratibu mkali. Ng'oa atomu mbili za kaboni zinazopakana, mahali pa moja ingia naitrojeni, pa pili pabaki wazi. Hiyo ndiyo kasoro inayoitwa NV. Elektroni zilizonaswa hapo zinatenda kama sumaku moja ndogo yenye ngazi tatu: 0, +1 na −1.

Utamu wake uko kwenye mwanga. Ukiimulika kwa leza ya kijani ya nanomita 532, inakurudishia mwekundu, kuanzia nanomita 637 kwenda juu. Spini ikiwa kwenye 0 mwekundu unakuwa mkali, ikiwa kwenye +1 au −1 unafifia. Leza hiyohiyo inairudisha spini kwenye 0, kwa hiyo unasoma na kuitayarisha kwa duru inayofuata kwa mkupuo mmoja. Katikati unapiga maikrowevu ya gigahezi 2.87 kuihamisha ngazi. Sumaku ikisogea karibu, mstari wa 2.87 unapasuka kuwa miwili, na kila mmoja unahama kilohezi 28 kwa kila maikrotesla 1. Basi umegeuza kupima sumaku kuwa kupima masafa, na masafa ndicho kitu tunachokipima vizuri kuliko vyote.

Yote haya kwenye joto la kawaida la chumba. Kasoro moja pekee ilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1997 Ujerumani, na mwaka 2008 vikundi vya Harvard na Stuttgart vikaonyesha kuwa inafaa kupima sumaku.

#4 Mpitanjia77

Asante dada. Kwa hiyo pete ya mama watoto ni kihisi cha kwantamu na hatujui tu?

#5 Kaboni13

@Mpitanjia77 iache pete ipumzike. Almasi nyingi za asili zimekaa ardhini miaka mingi mno hadi naitrojeni zake zimejikusanya makundimakundi, hazifai kwa kazi hii. Za vihisi zinakuzwa maabara kutoka kwenye gesi ya methani, zinapigwa elektroni zenye nguvu ili kung'oa kaboni, kisha zinapashwa moto wa nyuzi 800 hivi. Kwenye moto huo zile nafasi wazi zinatembea hadi zikutane na naitrojeni, zinatulia hapo.

Na kabla hatujaenda mbali: kaboni yenyewe ina kelele. Asilimia 1.1 ya kaboni ya asili ni kaboni-13, ambayo kiini chake kina spini. Mwaka 2009 Stuttgart walitumia almasi iliyosafishwa ikabaki kaboni-12 karibu tupu, spini ikatunza awamu yake (hatua iliyofikia kwenye mzunguko wake, ndiyo inayobeba kipimo) kwa milisekunde 1.8 kwenye joto la chumba. Jina langu humu si la bahati mbaya.

#6 Awamu_Sifuri

Mtoa mada ana hoja nzuri zaidi kuliko anavyojua, na mbaya zaidi pia. Nianze na nzuri.

Chukua spini N zilizofungamana kwa ile hali ya GHZ, yaani zote ziko 0 na zote ziko 1 kwa pamoja. Awamu inakusanyika mara N kwa kasi. Lakini kelele ikimpata yeyote mmoja, wote wamepotea. Ni jahazi la wapiga makasia waliofungwa kamba moja: wakipatana linakwenda mbio, akianguka mmoja baharini wanaburutwa wote. Ikiwa kila spini inasumbuliwa na kelele yake binafsi isiyo na kumbukumbu, uhai wa hali hiyo unashuka kutoka T hadi T/N.

Sasa piga hesabu. Usahihi kwa muda uliopewa unategemea kasi ya awamu mara kipeuo cha pili cha uhai. Weka N = 100. Zisizofungamana: 10 × √T. Zilizofungamana: 100 × √(T/100), ambayo ni 100 × √T ÷ 10, yaani 10 × √T. Sare! Susana Huelga na wenzake walilionyesha hili mwaka 1997, na waliokuwa wanaota ukomo wa Heisenberg, yaani ile faida kamili ya mara N, wakashushwa mabega.

#7 Kipimo_Halisi

Mmeona? Sare. Uzi ungefungwa hapa.

#8 Awamu_Sifuri

Tulia mkuu, sijamaliza. Sare ile inadai kelele isiyo na kumbukumbu. Ndani ya almasi kelele kubwa inatoka kwa spini jirani (kaboni-13, naitrojeni zisizopata nafasi wazi) na hizo zinabadilika polepole. Mwanzoni mwa kipimo awamu haipotei kwa mstari, inapotea kwa mraba wa muda. Ukiweka hilo, uhai wa GHZ unashuka hadi T/√N tu. Kwa N = 100: 100 × √(T/10), karibu 31.6 × √T. Faida ya mara tatu na kidogo juu ya zisizofungamana. Si mara 10 ya ndotoni, lakini si sare tena.

#9 Kaboni13

@Awamu_Sifuri umesahau sharti moja. Hiyo ni kama kelele ya kila spini ni yake binafsi. Kelele ikiwa ya pamoja, mfano sumaku ya nje inayotikisika na kuzigusa zote sawasawa, awamu ya kelele nayo inajumlishwa mara N. Uhai unarudi kwenye T/N na faida inayeyuka. Na kelele ya polepole kiasi hicho, fundi yeyote ataiondoa kwa mwangwi: katikati ya muda unapiga maikrowevu, spini inageuzwa, kelele ya nusu ya kwanza inafutwa na ya nusu ya pili. Baada ya mwangwi mpotevu unafuata sheria nyingine kabisa.

#10 FundiMitambo

Nyie wa nadharia mnagombea mkia wakati ng'ombe hajaingia zizini. Tatizo la hivi vihisi ni kusoma!

Mulika kasoro moja mara moja. Almasi inapinda mwanga sana, kipimo chake ni 2.4, kwa hiyo mwale wowote unaofika usoni kwa pembe iliyozidi nyuzi 25 hivi unarudishwa ndani. Kwa wastani unanasa chini ya fotoni 1 kwa usomaji. Halafu tofauti kati ya hali ya mkali na hali ya hafifu ni kama asilimia 30. Niambieni, kwa fotoni isiyofika moja, unajuaje kama spini ilikuwa 0 au 1? Hujui. Unarudia maelfu ya mara na kuchukua wastani.

Mfungamano unapunguza kelele ya spini zenyewe. Kelele yako kubwa iko kwenye fotoni. Kupunguza iliyo ndogo hakukusaidii kitu. Namuunga mkono mtoa mada, ila kwa sababu tofauti na yake.

#11 BintiLeza

Fundi anasema kweli kuhusu fotoni, nazihesabu kila siku. Ila njia za kuzunguka zipo. Kiini cha ile naitrojeni kina spini yake na hakisumbuliwi na leza kama elektroni. Unahamishia jibu kwenye kiini, kisha unaliuliza kupitia elektroni tena na tena. Harvard walionyesha njia hiyo mwaka 2009, na mwaka 2010 Stuttgart wakasoma kiini kwa mkupuo mmoja kwenye joto la chumba. Inataka sumaku kubwa iliyolengwa vizuri, na inakula muda. Njia ya pili ni kugeuza spini kuwa chaji, kwa sababu chaji inasomeka vizuri zaidi.

Sasa niongeze la kwangu kwa mtoa mada. Hapa kwetu tunaanza na kipande chenye kasoro nyingi zisizofungamana, kama anavyopenda. Fagia maikrowevu, leta sumaku ndogo, utaona mabonde manane kwenye mwanga mwekundu. Manane kwa sababu kasoro zinaelekea pande nne za fuwele na kila upande una mistari miwili. Kuna kipindi mabonde yote yalikuwa yanateleza kushoto taratibu, sumaku imetulia mezani. Mwanafunzi akaandika daftarini kwamba ugasumaku wa chumba unabadilika. Kumbe leza ilikuwa inapasha jiwe. Ule mstari wa 2.87 unashuka kilohezi 74 kwa kila nyuzi 1. Ukifuata bonde moja peke yake, nyuzi 1 inajifanya maikrotesla 2.6! Mabilioni ya spini zilipiga kura kwa kauli moja, na zote zilikuwa zinajibu swali ambalo hatukuuliza. Wingi haukutusaidia chochote pale.

#12 Nusu_Maisha

@BintiLeza lakini dawa yake haihitaji mfungamano. Fuateni mabonde mawili ya upande uleule: tofauti yake ni sumaku, wastani wake ni joto. Na mkitumia +1 na −1 moja kwa moja, bila 0, mnapata kilohezi 56 kwa maikrotesla badala ya 28, na joto linajifuta lenyewe. Mara mbili ya bure, kwenye spini moja. Watu wanakimbilia kufungamanisha mbili kabla hawajatumia ngazi tatu za ile moja waliyonayo.

#13 BintiLeza

Ndivyo tulivyofanya. Ila "ya bure" futa: ugasumaku wa kelele nao unaonekana mara mbili, kwa hiyo uhai wa awamu unapungua.

#14 Mtazamaji_Kimya

Hodi. Niulize tu, si mfungamano unataka baridi kali karibu na sifuri kabisa? Niliona majaribio ya Delft, Uholanzi, yalikuwa kwenye heli ya kimiminika.

#15 Awamu_Sifuri

Karibu. Delft walihitaji baridi ya kelvini 4 hivi kwa sababu wao walifungamanisha kwa fotoni, kasoro moja huku na nyingine kule. Mwaka 2013 zilikuwa mita 3 mbali, na mwaka 2015 kilomita 1.3, lile jaribio maarufu la Bell, la kuthibitisha kwamba mfungamano ni wa kweli, lililoziba mianya ya kulipinga. Fotoni za kazi ile lazima zifanane kabisa, na kwenye joto la chumba mtikisiko wa fuwele unaziharibu.

Kwa vihisi njia ni nyingine: spini mbili zilizo karibu zinavutana zenyewe kama sumaku. Stuttgart mwaka 2013 walifungamanisha mbili zilizo nanomita 25 mbali kwenye joto la chumba.

#16 Mpitanjia77

Kilomita 1.3! Basi hapo si ndiyo tunatumiana ujumbe kuliko kasi ya mwanga? Naona mnatuficha.

#17 Nusu_Maisha

Hapana mkuu. Kila upande unaona majibu ya bahati nasibu, uhusiano unaonekana pale tu mnapolinganisha madaftari, na daftari haliendi kasi kuliko mwanga. Turudi kwenye mada.

#18 Kaboni13

Hiyo nanomita 25 ya #15 ndiyo inayoniuma mimi. Nguvu ya kuvutana ya elektroni mbili ni kama kilohezi 52 zikiwa nanomita 10 mbali, na inapungua kwa ujazo wa umbali. Kwenye nanomita 25 inabaki kilohezi 3 na kitu. Unahitaji mamia ya maikrosekunde kuzifungamanisha, na spini zote mbili ziwe hai muda wote huo. Ukizitaka karibu zaidi, unarusha ayoni za naitrojeni ndani ya almasi, na ayoni haitui ulipoilenga, inasambaa nanomita kadhaa. Unatengeneza nyingi, unatafuta jozi iliyobahatika. Hii si teknolojia ya kuzalisha kwa wingi. Na sasa nyie mnazungumzia N = 100?

#19 Kipimo_Halisi

Ndicho nilichosema tangu mwanzo. Ongeza spini, basi.

#20 Awamu_Sifuri

Haya, sasa upande mbaya wa hoja yako, niliouahidi kule #6. "Ongeza spini" nayo ina ukuta. Kasoro zinatokana na naitrojeni, na sehemu ndogo tu ya naitrojeni inapata nafasi wazi. Zilizobaki zina elektroni zenye spini, ni kelele tupu. Vipimo vinaonyesha kwamba naitrojeni ikiwa sehemu 1 kwa milioni, uhai wa awamu kwa mwangwi ni kama maikrosekunde 160. Ikiwa sehemu 10, ni kama 16. Ukizidisha msongamano mara 10 unapata spini mara 10 zenye uhai wa moja ya kumi. N mara T haibadiliki. Sare nyingine, na safari hii ni ya kwako.

#21 FundiMitambo

Atakuza jiwe badala ya kukaza msongamano.

#22 Awamu_Sifuri

Akuze, ila leza iliangaze lote sawasawa, na maikrowevu nayo. Kisha swali linabaki: anapima nini? Kama ni moyo wa mtu, jiwe kubwa sawa. Stuttgart mwaka 2015 walifikia pikotesla 0.9 kwa sekunde moja ya kupima, kwenye masafa ya kilohezi 20, kwa kundi kubwa lisilofungamana. Mwaka 2016 kuna waliosikia mpigo wa neva ya mnyoo wa baharini kwa almasi. Huko wingi unatawala.

#23 Shangazi_Fotoni

Wanangu, nimesoma hadi hapa, kila mmoja ana chake na mtu hajamuuliza mtoa mada swali la msingi. Kipimo_Halisi, ukitaka kuona protini moja iliyokaa juu ya uso wa almasi, hiyo bilioni yako utaiweka wapi?

Ugasumaku wa spini moja unapungua kwa ujazo wa umbali. Kihisi kisipokuwa ndani ya nanomita 10 au 20 hivi hakisikii kitu. Katika nafasi hiyo zinaingia spini moja, mbili, tatu. Hapo N haichaguliwi na bajeti, inachaguliwa na jiometri. Kama una mbili tu, kuzifungamanisha si mbwembwe, ndicho kitu pekee kilichobaki.

Na faida yenyewe si ile ya GHZ mnayoipigia kelele. Chukua jozi iliyofungamana kwa namna ya kupingana, mmoja juu mwingine chini. Ugasumaku unaozigusa zote sawa unajifuta, ila tofauti kati yao inabaki. Kelele ya mbali inazigusa sawa. Molekuli iliyo karibu na mmoja kuliko mwenzake haizigusi sawa. Umechuja kelele na kubakisha unachokitafuta. Kikundi cha Hefei, China, kilichapisha mwaka 2025 kazi ya jozi ya kasoro zilizofungamana kwenye joto la kawaida: usikivu mara 3.4 kuliko kasoro moja, na uwezo wa kutenganisha vitu vilivyo karibu ukapanda mara 1.6.

#24 Kipimo_Halisi

Heshima yako shangazi. Kwa protini moja nasalimu nusu. Ila 3.4 kuliko kasoro MOJA. Walinganishe na kasoro mbili zisizofungamana, ambazo kwa kipeuo cha pili zinatoa 1.4 bila shida yoyote. Faida halisi ya mfungamano ni 2.4 hivi.

#25 Shangazi_Fotoni

Mbili zisizofungamana zingepata hiyo 1.4 zote mbili zikimsikia mlengwa sawa. Lakini mlengwa yuko karibu na mmoja tu. Wa pili angekuletea kelele bila habari. Kwa hiyo kulinganisha na moja ni haki.

#26 Kipimo_Halisi

Angekuletea kelele ninayoweza kuitoa! Nikisoma wa pili peke yake najua kelele ya pamoja, naitoa kwenye wa kwanza kwa kompyuta. Mfungamano wa nini?

#27 FundiMitambo

@Kipimo_Halisi utamsoma kwa fotoni gani? Rudi #10. Kutoa namba mbili zenye kelele ya fotoni kunakupa kelele zaidi ya uliyoanza nayo.

#28 Shangazi_Fotoni

Fundi, umenijibia, ingawa ulikuwa upande wa pili. 😄

Tatizo hilo la usomaji ndilo walilokutana nalo Princeton. Mwaka 2022 walipima uhusiano wa kelele kati ya nukta mbili kwa kasoro mbili zisizofungamana. Inawezekana, ila kosa la usomaji linaingia mara mbili na kuzidishana, kwa hiyo data inakuwa ya kukusanya kwa subira. Mwaka 2025 wakaja na jozi iliyofungamana: uhusiano wenyewe unaandikwa kwenye awamu ya jozi, unausoma moja kwa moja. Kwa anayechunguza vipitishi-kikuu (vinavyopitisha umeme bila ukinzani) au mikondo ndani ya grafini (tabaka la kaboni lenye unene wa atomu moja), kujua kama kelele ya hapa inajuana na ya pale ndiyo habari yenyewe.

#29 Nusu_Maisha

Mimi bado naamini njia ya makundi itashinda jozi. Kubana spini: Kitagawa na Ueda walilieleza mwaka 1993. Duara la mashaka unaliminya liwe yai, mashaka yanapungua upande unaoupima na kuongezeka upande usioujali. Vigunduzi vya mawimbi ya mvutano vinafanya hivyo kwa mwanga, LIGO wanautumia kwenye uchunguzi wao tangu 2019. Atomu za rubidi Stanford mwaka 2016 zilifika desibeli 20, yaani mtawanyo umepungua mara 100.

#30 Kaboni13

Na almasi? Taja namba ya almasi.

#31 Nusu_Maisha

Desibeli 0.5. Mwaka 2025.

#32 Mpitanjia77

😂😂 Kutoka 20 hadi nusu.

#33 Kaboni13

Desibeli 0.5 maana yake mtawanyo umepungua kama asilimia 11, na kelele yenyewe kama asilimia 5 na ushee. Nawapongeza kwa dhati, ni mara ya kwanza kwenye spini za ndani ya jiwe, kwenye joto la chumba, kwa kuvutana kwa spini zenyewe bila kioo wala chemba. Ila mtu asije hapa kuniambia usahihi umepaa.

#34 Awamu_Sifuri

Sababu ya udogo huo inafundisha. Atomu zile za rubidi zote zinazungumza na mwanga mmoja kati ya vioo, kila mmoja anasikilizana na wote sawa. Ndani ya almasi kila spini inamvuta zaidi jirani yake wa karibu, na majirani wametupwa ovyo. Spini mbili zikiangukiana karibu sana zinachezeana zenyewe na kuharibu hesabu ya kundi. Lazima uzinyamazishe hizo kwanza. Pia ukitumia jiwe nene, pande za mvutano zinafutana kwa wastani, ndiyo maana wanatumia tabaka jembamba.

#35 Kaboni13

Basi jibu ni tatizo la vifaa, si la fizikia. Atakayeweka kasoro kwa mpangilio ndiye atakayeshinda. Mengine porojo.

#36 FundiMitambo

Jibu ni usomaji. Hata zikijipanga kama gwaride, usipozisoma umekula hasara.

#37 Awamu_Sifuri

Kuna njia ya kati inayowagusa nyote wawili. Unaziacha spini zivutane, unaweka ishara, kisha unageuza mvutano urudi nyuma. Ishara ndogo inatoka imekuzwa kabla hujaisoma, kwa hiyo usomaji mbovu haukuumizi sana. Harvard wameonyesha jambo la aina hiyo kwenye almasi mwaka 2025. Ukuzaji ulikuwa mdogo, nawahi kabla Mpitanjia hajacheka.

#38 Mpitanjia77

Nimejikaza.

#39 Kipimo_Halisi

Nimepata maelezo manne tofauti ya kwa nini mfungamano unasaidia na matano ya kwa nini hausaidii, na wenye maelezo yenyewe hawakubaliani. Msimamo wangu kwa sasa: kwa jiwe kubwa na mlengwa wa mbali, sijaona sababu ya kuacha wingi. Kwa jozi chini ya molekuli moja, naona kitu, ingawa #26 haijajibiwa nikiridhika. Mkinipa usomaji mzuri wa mkupuo mmoja, nitashinda bila mfungamano.

#40 Shangazi_Fotoni

Ukipata usomaji huo, mwanangu, kelele itakayobaki ni ya spini zenyewe. Na hiyo ndiyo mfungamano unaiondoa.

#41 FundiMitambo

Hapo nakubali. Kwanza usomaji, kisha mfungamano. Si kinyume.

#42 Shangazi_Fotoni

Si kwa #28. Kule mfungamano ndio unaookoa usomaji.

#43 Mtazamaji_Kimya

Naomba kuuliza nje kidogo ya mada. Boroni nitridi nayo si ina kasoro zenye spini, tena ni tabaka jembamba la kubandika popote? Mlengwa si atakuwa karibu zaidi kuliko kwenye almasi?

#44 Kaboni13

Atakuwa karibu, ndiyo. Ila boroni yote na naitrojeni yote zina viini vyenye spini, hakuna kaboni-12 ya kukimbilia. Uhai wa awamu unakuwa mfupi mno. Fungua uzi wake, nitakuja na data.

#45 BintiLeza

Akifungua mniite. Na @Kipimo_Halisi, kuhusu #26: tuna kipande chenye jozi moja nzuri kwenye hadubini sasa hivi. Nitazisoma zote mbili kwanza bila kuzifungamanisha, nitoe kelele kwa kompyuta kama unavyotaka, halafu nizifungamanishe. Nitaweka grafu zote mbili hapa, bila kuzipamba.

#46 Kipimo_Halisi

Weka na muda wa kukusanya data kwa kila moja, usiweke mistari tu.